Friza ya Kasoki Darajani Naviundu

Wewe unayesoma, umepita pale. Usiseme hapana. Umepita daraja la Naviundu, hapa Lubumbashi, ndani ya taksi, au ndani ya gari lako lenye ubaridi, ukaona friza nyeupe ya kifuniko cha juu imesimama kando ya barabara, robineti mbili za kumimina kifuani, na mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani akikunyooshea bilauri. Ulifanya nini? Ulipandisha kioo. Ukaangalia simu. Ukajiambia ni wauza maji, au ni mwendawazimu, au ni siasa.

Sisi tusiosahau tulikuona. Umerithi kupandisha kioo. Baba yako alipita vivyo hivyo majirani waliofukuzwa kwa sababu ya kabila lao walipolala nje ya gare na magodoro yao, wakingoja treni ya kuwaondoa kwenye mji walimozaliwa. Alisema hayamhusu. Leo utakaa. Utasikia friza ile ilitoka wapi, nani alimpenda nani juu ya kifuniko chake, na kwa nini hakuna tena pombe ndani. Ukimaliza ndipo utaniambia kama hayakuhusu.

Ilianza Jumamosi, soko la mtaa wetu wa Kenya, upande ule wanakopanga friji kuukuu juani kama meno ya mzee: moja nyeupe, moja ya njano, moja haina mlango. Kasoki alikuwa ameinama mbele ya congélateur, friza kubwa, pagne yake ya njano yenye ndege weusi imekazwa kiunoni, nywele kasuka mistari myembamba, jasho linang'aa shingoni. Muuzaji alikuwa amechomeka waya, na chombo kilinguruma kama lori la mpakani Kasumbalesa.

"Mama, ile usikamate."

Kasoki aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu katika combinaison, ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na viatu vyeusi vinavyong'aa katikati ya vumbi lote lile.

"Nilikuzaa lini, unaniita mama?"

"Basi, dada. Ile congélateur iko maiti. Iko inapiga kelele juu ya kudanganya bantu."

"Na weye uko nani? Docteur ya mafrigo?"

"Njo vile. Stanislas. Bantu banaita Stani."

Muuzaji alimtukana Stani mama yake na kazi yake. Stani hakujali. Alizunguka, akabandika sikio kwenye friza moja baada ya nyingine, macho kafumba, mpaka akafika kwenye moja iliyochubuka rangi, kifuniko kimekaa upande.

"Hii. Inaonekana mubaya, lakini roho yake iko nzima."

"Kama weye," Kasoki akasema, na akamtazama kuanzia kola mpaka viatu bila haraka.

Stani alikohoa. "Iko ya kuweka nini? Samaki?"

"Pombe."

"Pombe mu congélateur? Igande, halafu upasue na shoka, ukatie bantu bipande?"

"Njo maana nilikuja kutafuta kama kuko mutu mwenye akili mu huu muji. Nimeona docteur moja. Bado hajaonyesha akili yake."

Nikueleze huyu Kasoki, kwa sababu ulimpita bila kumwangalia. Alikuwa mtoto wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Kaka yake Raoul aliendesha malori, akamleta Lubumbashi kulinda depo ya chumvi, sabuni na unga pale Naviundu, karibu na mto. Nyuma ya depo, uani, Kasoki alipika kitu chake mwenyewe: kasiksi, pombe ya ndizi, kama bibi yake alivyomfundisha. Anakamua ndizi zilizoiva kwa majani makavu, anaongeza maji, anatia unga wa mtama uliokaangwa, anaiacha ichemke yenyewe bila moto. Watu wa mtaa waliipenda. Lakini joto la Oktoba halina huruma. Pombe iliyokuwa tamu asubuhi, mchana ni siki. Alitaka kuwapa watu pombe baridi kutoka kwenye robineti, kama kule hoteli ya Karavia ambako wenye nazo hukaa kando ya maji na kunyweshwa na watoto wa wenzao. Kwa nini sisi tunywe moto? Ndilo swali alilouliza sokoni, na Stani akajibu kwa kubeba friza.

Jumatatu alifika uani na sanduku la vyombo. Kasoki hakuwa amemngoja. Alikuwa tayari amepiga magoti, mashine ya kutoboa mkononi, ncha yake imegusa ubavu wa friza.

"Acha."

Alimkamata kifundo cha mkono. Wakabaki hivyo, mashine inazunguka bure hewani.

"Mule mu ukuta munapita mishipa," Stani alisema polepole. "Gaz yote ya baridi iko inatembea mule. Ukitoboa, inapumua mara moja tu, halafu inakufa. Hauwezi kuifufua."

"Sasa robinet itapita wapi? Mu kifuniko?"

"Tutaipatia shingo."

"Docteur, unaniachilia mukono ao unaipima homa?"

Akamwachia. Lakini shingo aliitengeneza kweli: aling'oa kifuniko, akaunda fremu ya mbao nyekundu, pana kama kiganja, akaibandika juu ya mdomo wa friza kwa gundi na mpira ili baridi isitoroke, kisha akarudisha kifuniko juu ya mbao. Robineti zikapita kwenye mbao; ukuta haukuguswa. Ndani alisimamisha mapipa mawili ya chuma cheupe, yale yaliyokuwa ya soda zamani. Chupa ya gaz aliipata kwa wanaojaza vizima moto. Hiyo ndiyo ingesukuma pombe juu. Na nje akafunga kidude kidogo chenye waya unaoingia ndani kama kidole, kinachopima baridi na kukata umeme kabla pombe haijaganda.

"Inakatala kuganda," Kasoki akasema, akichungulia.

"Iko baridi ya kiasi. Kama wewe Samedi ile, kule ku soko."

"Siku ile nilikuwa moto. Weye njo haukuona."

Kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza upesi, Stani aliinyoosha. Leo kokwa imelegea, kesho mpira umekaa vibaya. Akiwa kwake, simu ililia.

"Allô, Docteur."

"Allô, mama ya pombe. Mugonjwa anaendelea namna gani?"

"Mugonjwa analala muzuri. Mimi njo silale."

"Unaumwa wapi?"

"Hapa. Hauwezi kupaona mu téléphone."

"Basi nikuje na bifaa."

"Kuja na mikono tu." Kisha, baada ya kucheka: "Stani, courant imeenda."

"Usifungue kifuniko. Ya kifuniko ya juu inachunga baridi yake chini, kama muntu mwenye siri. Ni kufungua-fungua njo kunaimaliza."

"Na kama niko na hamu ya kuangalia?"

"Uniangalie mimi."

Mambo ya courant, umeme wetu, unayajua. Inatoka kwetu, inapita juu ya vichwa vyetu kwa nyaya nene, inakwenda kuwasha viwanda vya madini. Sisi tunabaki na mishumaa na simu za mapenzi. Endelea kusoma.

Alipokuja kuunganisha mapipa na robineti, Stani alileta kitu kimefungwa kwenye gazeti. Mafundi wengine hutumia bomba laini la plastiki. Yeye alifungua gazeti, na uani pakawaka: bomba la shaba, jekundu, lililonyooka.

"Babu yangu alitoka Mitwaba," akasema. "Alianza ku rail, akamalizia ku tanuru. Maisha yake yote alikuwa anamwanga shaba. Siku ya kutoka bakamupatia saa ya mukono. Hii alijipatia yeye mwenyewe."

"Aliiba."

"Alijilipa." Stani alifuta bomba kwa kiwiko. "Zamani kwetu, mbele ya pesa ya franga, muntu alikuwa anaoa na musalaba ya shaba. Musalaba sina, Kasoki. Niko na hii."

Kasoki aliweka kikapu cha ndizi chini. "Unanioa na tuyau?"

"Nakuoa na tuyau."

"Kwetu ni mbuzi, Stani. Raoul atauliza mbuzi."

"Mbuzi zitakuja. Hii ni ya kwako, si ya Raoul."

Alilichukua, akalipima uzito, akalisugua kwa ndimu na majivu mpaka likamwonyesha uso wake. Akamrudishia. "Basi fungia. Batu bakunywe kupitia mu ndoa yangu."

Mtu wa mahali pengine angesita. Shaba na kitu kichachu havipatani. Uchachu unailamba shaba na kuondoka nayo. Lakini mtu wa Lubumbashi amelelewa chini ya ule mlima mweusi wa taka za shaba na bomba lake refu la moshi, ameambiwa tangu tumboni kwamba shaba ni baba, shaba ni mshahara, shaba ni jina letu. Atashuku vipi kitu ambacho ni yeye? Kosa lile lisingefanyika penginepo. Lilifanyika kwa mapenzi.

Siku ya kufungua robineti mtaa mzima ulisimama uani. Pombe ilitoka ya dhahabu, na povu jembamba, baridi ikichora jasho kwenye bilauri. Jirani wa ukuta mmoja, Mama Brigitte, mwanakwaya wa Kikatoliki asiyekunywa, alikuja kutazama tu. "Shetani amejifunza umeme," alisema, na akakaa mpaka jioni. Stani na Kasoki walihudumia pamoja, Kasoki robineti ya kushoto, Stani ya kulia, viwiko vikigusana makusudi.

Stani alimleta mjomba wake kubisha hodi kwa Raoul. Raoul alikula, akanywa, akauliza habari za mbuzi, akacheka. Mlango ukafunguliwa. Na mimba ikaingia kabla ya mbuzi, kama inavyotokea.

"Ni mwanamuke," Kasoki alisema kwa simu, amefichama depo kati ya mifuko ya chumvi. "Nimeshamuita Shalom."

"Umemuona?"

"Ananipiga teke kama mutu wa Butembo."

"Basi atakuwa na kichwa nguvu. Nitahama muji."

"Utahamia wapi? Ufunguo ya gaz iko kwangu, chéri."

Hapa weka alama akilini, msomaji. Tangu mimba ilipoingia, kasiksi ya robineti, na ule upepo wake wa gaz, ilimtapisha Kasoki. Aliacha kabisa kunywa humo. Alionja kwenye ndoo tu, kwa ncha ya ulimi, kabla pombe haijamwagwa kwenye pipa la chuma. Lakini maji alikunywa mengi. Alichota kisimani, pale uani, kwa kuwa bomba la mtaa lilikuwa linakohoa hewa. Kila asubuhi vikombe viwili, amesimama, mkono juu ya tumbo. Kimoja changu, alisema, kimoja cha Shalom.

Kisima kile kiko hatua chache kutoka mtoni. Na juu ya mto kuna kiwanda cha kuosha madini, chenye ukuta mrefu na nyaya za miiba. Usiniulize jina, wanabadilisha jina, ukuta haubadiliki. Mvua kubwa ziliposhuka, mabwawa yao ya nyuma yalijaa na kumwagika, au yalimwagwa. Mto ukaja na rangi ya chai ya zamani. Matembele ya ukingoni yalikauka majani kana kwamba mtu amepitisha moto. Samaki wadogo walielea, matumbo juu. Watu wakasema ni jua. Wewe ulipita darajani siku zile. Ulisikia harufu, ukapandisha kioo.

Kasoki alianguka kati ya mifuko ya chumvi, asubuhi, amevaa ile pagne ya njano. Hospitali walimpokea, na Shalom akatoka akiwa kimya. Alikuwa na kucha tayari. Stani alimbeba ndani ya kitenge, mdogo kama chupa, akamzika, na mtu mzima yule aliyejua kila sauti ya kila mashine hakusikia hata padri alisema nini.

Raoul aliacha lori lake njiani akaja. Akazunguka uani akitafuta wa kumchukia, maana huzuni ya mtu kama Raoul lazima ipate mlango. Akafungua friza. Kwenye maungio ya bomba la shaba palikuwa pameota kijani, kama ukungu.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi," Stani alijibu.

"Shaba, mu pombe ya kuchacha. Ata mutoto anajua. Batu ya huu mutaa banaumwa matumbo tangu mvua ianze, na dada yangu anazika. Umemukunywesha sumu."

Stani alitazama ule ukungu. Akakumbuka babu yake, akakumbuka ndimu na majivu. Alichukua ufunguo, akalifungua bomba, akaondoka nalo kama mtu aliyeiba. Jioni ile simu yake ililia; alikuwa Kasoki.

"Kasoki, bébé, sikia..."

"Usiniite vile. Ile tuyau, ulijua?"

"Sikujua."

"Uliniambia ni ndoa."

"Ilikuwa ndoa."

"Nilisugua mimi mwenyewe, Stani. Na ndimu." Alipumua kwa shida. "Usikanyage tena kwetu. Nikiona ile bluu yako, tumbo yangu inashika tena."

"Niruhusu nikuje bila bluu."

Simu ilikatika. Stani alipopiga, ilimwambia kwa sauti ya mwanamke asiyejulikana kwamba namba haipatikani.

Stani aliacha kuvaa bluu. Aliacha kung'arisha viatu. Bomba alilaza chini ya kitanda, kwa sababu hakuweza kulitupa na hakuweza kuliona. Sokoni wenzake walimtania mwanzo, kisha wakaacha, na huko kuacha kulikuwa kubaya zaidi.

Mvua zilikuwa zikiisha Mama Brigitte alipompigia: friji yake imezima, na hataki fundi mwingine. "Kuja tu, mwanangu. Kasoki ameenda depo, hatakuona."

Alipoingia sebuleni alimkuta Abigaïl, mkwe wa Mama Brigitte, amelala kwenye kiti kirefu uso ukutani, mguuni pake shali ya mtoto ambayo haijawahi kufunguliwa.

"Naye?" Stani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naye. Juma iliyopita."

"Alikuwa anakunywa pombe ya Kasoki?"

"Pombe? Sisi?" Mama Brigitte alikasirika. "Huyu ata divai ya misa inamupiga kichwa."

Stani alibaki na bisibisi mkononi. "Maji munachota wapi?"

"Kisima. Si ni ile moja tu na kwa Kasoki, tunapitia nyuma ya lupango, ile kiwanja yake. Bantu bote ya huku banachota pale. Na kwa muntu wa kushona biatu vilevile ilitokea, na kwa ile nyumba ya mulango ya kijani. Tunasema ni bulozi. Tuliita ata padri, akakuja na maji ya baraka, akanyunyiza nyumba yote."

"Maji ya baraka alichota wapi?"

Mama Brigitte alikaa chini taratibu, mkono kifuani.

"Kisima," alisema.

Hapo ndipo Stani aliikumbuka ncha ya ulimi. Aliiona: Kasoki ameinamia ndoo, anaonja, anatema, anacheka. Ndoo. Siyo robineti. Shaba ilikuwa imeumiza matumbo ya wanywaji, hilo halikatai mtu, lakini haikumfikia Kasoki hata tone. Hakumuua Shalom. Alitoka nje karibu akimbie, kifua chepesi kwa mara ya kwanza, mpaka alipofika kwenye lango la depo, akasimama.

Kwa sababu kama si shaba yake, basi ni kikombe. Vile vikombe viwili. Mkono uliochota ulikuwa wa Kasoki mwenyewe. Kumwambia ni kujivua mzigo na kumtwika yeye. Alirudi nyuma. Kesho yake alikuja tena langoni, akarudi tena. Angeweza kubaki mwenye hatia maisha yake yote, alianza kuzoea. Lakini kila aliporudi nyuma aliwasikia wanawake wa mtaa wakishusha ndoo, kamba ikilia kwenye gurudumu, na alijua jina la kila mmoja.

Akaingia mchana, jua liko katikati. Kasoki alikuwa uani, kitambaa cheusi kichwani, amekonda. Friza ilikuwa imefungwa. Juu ya kifuniko zilipangwa nguo ndogo, zimekunjwa vizuri, kama meza ya duka. Mkononi alikuwa na kikombe, anakipeleka mdomoni.

Stani alivuka uani, akakikamata kikombe, akamwaga maji chini.

"Nilikuambia usikanyage."

"Usikunywe ile."

"Sasa unanikataza ata maji?"

"Abigaïl alipoteza mimba, Kasoki. Na kwa muntu wa biatu. Na mulango ya kijani. Habakunywa pombe. Banakunywa kisima."

"Umekuja kunawa mikono yako kwangu." Sauti yake ilikuwa kama kisu cha zamani. "Haukupata fasi ingine ya kunawia?"

"Wewe haukukunywa ku robinet. Tangu mimba. Ulikuwa unaonja mu ndoo. Kumbuka."

Alikumbuka. Stani aliona likimwingia, kama mtu anavyoona ufa ukitembea kwenye kioo. Macho yake yalikwenda kwenye kikombe, kutoka kikombe kwenda kisimani, kutoka kisimani kwenda kwenye viganja vyake.

"Nilichota mimi," alisema.

"Haukujua."

"Kila asubui. Bikombe mbili. Yangu na yake."

"Kasoki, haukujua. Ni bale ya kule juu, nyuma ya ukuta, banamwanga..."

"Ata weye haukujua, na nilikufukuza kama mbwa." Alikaa chini palepale, kwenye tope la maji yaliyomwagwa. "Ju ya nini haukuniacha na shaba, Stani? Shaba nilikuwa naweza kuichukia."

Stani alikaa kando yake bila kumgusa, maana hakujua tena kama ana ruhusa.

"Juu Abigaïl atabeba tena," alisema mwishowe. "Na bengine."

Kivuli cha ukuta kiliwafikia kabla Kasoki hajanyanyuka. Aliinuka, akaondoa nguo ndogo juu ya kifuniko moja moja, akaziweka ndani ya sanduku, akafunga. Akafungua friza.

"Inahitaji courant?"

"Kwa baridi, ndiyo. Kwa kusukuma, gaz inatosha."

"Fungia tuyau ya plastiki. Nisaidie kubeba."

Walijaza mapipa yale yale, moja maji ya mto, lingine maji ya kisima, wakasimamisha friza darajani siku ambayo wakubwa wa kile kiwanda walikuja kutazama "malalamiko ya wananchi". Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia nyeupe ya plastiki, shati limekatwa na mshonaji mzuri, anazungumza Kifaransa cha polepole kama anayefundisha wagonjwa. Alisema maji yamepimwa. Alisema hayana shida. Mtaa mzima ulikuwa pale. Raoul alikuwapo pia, amesimama pembeni, hathubutu kumtazama Stani.

Kasoki alifungua robineti ya kushoto. Maji yakatoka mazuri, yanang'aa, na povu. Akamnyooshea bilauri.

"Karibu, papa. Umetoka mbali. Ukunywe."

Bwana wa kofia nyeupe alitabasamu. "Merci, maman. Niko na chupa yangu."

Aliangalia saa, akapanda gari lake. Na kioo, wewe unakijua kilivyofanya.

Tangu siku ile wanakuja pale kila Jumamosi, Kasoki robineti ya kushoto, Stani ya kulia. Viwiko havigusani. Jumamosi moja, kabla watu hawajafika, Stani alivaa tena bluu yake, pasi imekata mikunjo. Alikuwa amekata kipande chembamba cha lile bomba na kukisugua usiku na mchana kwa majivu mpaka kikawa pete.

"Hii haina kijani," alisema. "Ni katikati ya tuyau. Nilichagua pale penye iko safi."

Kasoki aliishika pete kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitabasamu, na tabasamu lile lilimuumiza Stani kuliko simu iliyokatika.

"Uko bado unanioa na tuyau."

"Bado."

"Nakupenda, Docteur. Usifikiri hapana." Alimgusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Lakini ni weye ulikuja kuniambia. Kila nikilala karibu yako nitasikia ndoo inashuka. Siwezi. Labda siku ile nitakunywa maji ya huku na sitaogopa, unipigie téléphone. Leo, hapana."

Hakumrudishia pete. Aliivisha kwenye shingo ya robineti ya kushoto, akachukua bilauri, akageukia barabara.

Iko pale mpaka sasa, nyekundu. Ungeiona kama ungeangalia. Nimekuambia yote. Huna tena pa kujificha, na mimi sikuombi machozi, machozi yamejaa Naviundu. Abigaïl ana mimba tena. Ndoo iko njiani kwenda chini wakati unamalizia mstari huu. Kwa hiyo inuka. Jaza chupa kwenye kisima chako mwenyewe, mwite jirani yako ajaze yake, njooni darajani, na mtoke hapo pamoja na Kasoki mpaka kwenye ule ukuta, mbele ya yule bwana wa kofia nyeupe, na msiondoke mpaka anywe au afunge kiwanda. Usiniambie Jumamosi ijayo. Teremsha kioo. Shuka. Leo.